Gari ya mkononi ikaguliwe asubuhi ikiwa bado ya baridi

Mhariri, habari za kazi. Naomba unipe nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenzangu wa huku Nyanda za Juu Kusini wanaojichanga kununua gari ya mkononi, maana naona watu wanaumia kila siku na wengi wanaumia kimya kimya kwa kuona aibu. Mimi nimeumia, na aibu yenyewe imeshaisha, kwaiyo naongea.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa mchele, naishi Uyole hapa Mbeya, mzigo nachukua Igurusi na Chimala, msimu mwingine nashuka Kyela. Miaka yote nilikuwa nalipia mzigo kwenye Fuso za watu au naweka kwenye basi. Mwaka juzi nikasema basi, nitafute gari yangu hata ndogo. Nilikuwa nimeshajichanga miaka 3, mgao wa kikoba, faida ya mchele, na ng'ombe mmoja aliuzwa nyumbani, nikafika milioni 11. Hela ya namna hiyo kwa mtu wa biashara ndogo sio hela tu jamani, ni ada za watoto uliyoiambia ikae pembeni kwanza.

Nikamwambia dalali natafuta Noah, ile ambayo nikitoa siti za nyuma naweka gunia 6. Baada ya siku mbili akanipigia, mama njoo Kabwe gari imepatikana, gari ya mdada, haijaguswa popote, linaendea kazini na kanisani tu. Nikaenda na mdogo wangu ambaye anajua kuendesha ila sio fundi. Ilikuwa saa 8 mchana. Gari inang'aa, imeoshwa mpaka matairi yamepakwa ile dawa nyeusi, na imeshawashwa tayari, inanguruma taratibu kabisa. Dalali akafungua boneti, ndani pamesafishwa kama sahani. Tukaizungusha hapo hapo mjini, Kabwe, Mafiati, tukafika Soweto tukageuza. Nikaomba tupande nayo huku kwetu Uyole, akasema mama mafuta kidogo, alafu kuna mteja anatoka Tunduma saa 10 anakuja na hela taslimu, mimi nimekupigia wewe kwanza kwa sababu nakuheshimu.

Hilo neno la mteja wa Tunduma ndio lilinimaliza. Nikaona nitaikosa. Saa 11 jioni hela ilikuwa imeshatoka.

Siku ya 4 nikashuka nayo Kyela. Kushuka haina shida. Kurudi na gunia 6, tumepita Tukuyu vizuri, tumevuka Kiwira, tukaanza kile kipandio cha kuja Isyonje, mdogo wangu akaniambia dada mbona huu mshale wa joto la injini unapanda. Kabla hatujajibizana moshi mweupe ukatoka mbele na harufu tamu tamu kama ya sharubati iliyoungua, gari ikazima. Ukungu umeshuka, baridi ya mwezi wa 6 ya pale mnaijua, magari makubwa yanapita karibu yanatikisa. Wamama wa viazi pembeni ya barabara ndio walitupa maji kwenye dumu la lita 5, na mmoja akasema kwa upole tu, mwanangu hii sio ya kwanza kufa hapa. Ndaga fijo, asanteni sana mama zangu, sitawasahau.

Fundi alipokuja kuifungua kesho yake aliniita nione mwenyewe, na nataka na wewe msomaji uone. Alifungua mfuniko wa oili akaugeuza, ule upande wa ndani ulikuwa na utando mzito rangi ya chai ya maziwa. Akasema mama hapa maji na oili vimeshakutana, gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji na oili visikutane, imekufa na hedi yenyewe imepinda. Akanionyesha feni ya rejeta, waya wake umekatwa na kuungwa upya ili feni izunguke muda wote bila kusubiri gari ipate moto. Akafungua pale inapokaa thermostati, kile kizibo kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, hakuna kitu, wameitoa. Yaani mtu alijua kabisa gari inachemsha, akaifunga ujanja ili ikizungushwa mjini kwenye tambarare mshale usipande. Hakusahau wala hakukosea. Alikaa chini na spana akaandaa hiyo kitu kwa ajili ya mtu kama mimi. Nililipa milioni 1 na laki 4 mpaka ikarudi barabarani.

Sasa yule fundi akaniambia neno ambalo ndio sababu ya barua hii. Aliniuliza, ulipofika kuiona ilikuwa imewashwa au imezimwa? Nikasema imewashwa. Akatikisa kichwa. Akasema gari yenye shida inaficha ikiwa ya moto, inasema ukweli asubuhi. Na sisi watu wa Mbeya, Njombe, Makete, Mafinga, hiyo asubuhi Mungu katupa bure, baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 ni kipimo ambacho mtu wa Dar hana.

Ndugu zangu mwambieni muuzaji hivi, nakuja kwako saa 12 na nusu asubuhi, usiiwashe mpaka nifike. Ukifika weka mkono juu ya boneti kabla hujasalimia hata watoto. Kama ni ya moto, kuna kitu kimeshafanyika kabla hujafika, muulize kwa nini. Kama ni ya baridi, hapo ndio ufungue mfuniko wa rejeta uangalie maji (gari ikiwa ya moto usiguse kabisa huo mfuniko, maji yanakurukia usoni, nimeshaona kijana kaungua). Maji yawe na rangi yake safi, kijani au nyekundu kutegemea na kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini) iliyowekwa, sio maji ya kutu na sio yenye mafuta yanaelea. Chomoa kijiti cha oili, futa, rudisha, chomoa tena, uangalie oili isiwe na ile rangi ya chai ya maziwa. Alafu ndio iwashwe, na wewe usimame nyuma kwenye ekzosi.

Hapa watu wa baridi wanachanganya, ngoja nieleze vizuri. Asubuhi ya Uyole kila gari inatoa moshi mweupe, huo ni mvuke tu, baada ya dakika chache unaisha. Ukiona gari imeshapata moto kabisa na moshi mweupe unaendelea, alafu maji kwenye rejeta yanapungua, hiyo inakula maji. Moshi wa bluu ni oili inaungua, na huo mara nyingi unatoka kwa nguvu pale inapowashwa tu, ukikuta imeshawashwa umeshaukosa. Moshi mweusi ni petroli inaingia nyingi kuliko inavyoungua. Na milio pia, kuna ule mlio wa kugonga gonga sekunde za kwanza oili haijapanda juu, gari ikishachangamka unapotea kabisa, utaapa haukuwepo.

Alafu kuna jambo la mlima wenyewe. Fundi alinieleza kwamba maji huku juu yanachemka mapema kuliko Dar. Pwani yanachemka kwenye nyuzi 100, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari kwaiyo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachozuia yasichemke mapema kwenye gari ni presha ya ule mfuniko wa rejeta, ukilegea umekwisha. Ndio maana gari imekaa Dar miaka 5 haijawahi kusumbua, ikifika huku wiki ya kwanza inachemsha, na aliyekuuzia anaapa hajawahi kuona hiyo shida, na wengine wanasema kweli. Kwaiyo gari usiijaribu Kabwe. Ipandishe. Kama uko mjini ipeleke kipandio cha barabara ya Chunya, kama uko Uyole ipeleke Isyonje, wa Iringa mnao Kitonga wenu. Weka na watu ndani. Mafuta kama ni kidogo weka wewe ya elfu 20, elfu 20 yako ni ndogo kuliko milioni 1 na laki 4 yangu. Muuzaji akikataa gari isipande mlima, mimi naona mazungumzo yameishia hapo.

Nimekuja kugundua kwamba hii habari ya gari ya moto haiko kwenye injini peke yake. Kila kitu ambacho muuzaji amekuandalia kabla hujafika ni gari ya moto. Fundi aliyekuja naye dalali ni gari ya moto. Kopi ya kadi ya gari kwenye simu ni gari ya moto. Hata yule mteja wa Tunduma. Wewe anza upya kila kitu kutoka baridi, na watu wako.

Fundi tafuta wako, mlipe wewe, asijuane na dalali. Wangu sasa ivi nampa elfu 30 kwa kuangalia gari moja na nikimwambia sinunui halalamiki. Wa dalali analipwa gari ikinunuliwa tu, unategemea aseme nini.

Kilometa nazo. Kwenye dashbodi yangu ilisoma elfu 97. Baadae nikiwa nasafisha nikakuta kwenye mlango wa dereva, chini kabisa, stika ya kubadilisha oili ya gereji fulani imekwanguliwa nusu, namba zinaonekana: badilisha ikifika 219,000. Yaani gari ilishavuka laki 2 wakati huo, mimi nauziwa elfu 97. Hawa jamaa wanarudisha kilometa kwa kompyuta dakika chache tu, hata hizi za kidijitali. Usisome namba, soma gari. Mpira wa pedali ya breki umelika umekuwa laini kama sabuni, usukani unang'aa, siti ya dereva imebonyea upande wa mlango, alafu unaambiwa elfu 60? Hapana. Mimi gari ya kilometa laki 2 iliyosema ukweli naichukua kwa moyo mmoja kuliko ya elfu 90 ya uongo, maana ya laki 2 najua pa kuanzia.

Wifi yangu wa Makambako naye alinunua IST, taa ya injini kwenye dashbodi haiwaki kamwe, akafurahi. Kumbe imezibwa na kipande cha seloteepu nyeusi kwa ndani. Hii ni rahisi kuikamata: ukizungusha funguo kabla ya kuwasha, taa zote lazima ziwake kwanza, ya injini, ya oili, ya airbag, alafu gari ikiwaka zizime. Ambayo haikuwaka kabisa mwanzo, imeungua au kuna mtu ameizima kwa makusudi.

Nije kwenye kadi, hapa ndio pananiuma zaidi kwa sababu gari ikichemsha inatengenezwa, ila gari isiyo yako haitengenezeki. Kadi unataka orijino mkononi, sio picha. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha mtu aliyesimama mbele yako, na kama hayupo, ni kwa nini hayupo? Namba ya chasisi usiisome kwenye kibati kilichogongwa ribiti peke yake, itafute ile iliyopigwa kwenye chuma cha gari chenyewe, ufute vumbi kwa kitambaa, uisome herufi kwa herufi na kadi. Kama chuma kimekwanguliwa au kimechomelewa pale, ondoka. Alafu nenda TRA na muuzaji wako, wao ndio wanaosajili magari, gari ni ya nani inajulikana. Ukiona kwenye kadi kuna jina la benki au taasisi ya mkopo, hiyo gari ina mwenyewe mwingine mpaka deni liishe, na barua ya kumaliza deni itoke kwa mkopeshaji mwenyewe ukiwa hapo, isitoke kwenye bahasha ya muuzaji. Kuna wanaoweka kadi rehani kwa wakopeshaji wa mtaani alafu wanaenda polisi kuripoti kadi imepotea, wanatafuta nyingine, unauziwa gari na kadi mpya inanukia wino. Kadi mpya kwenye gari ya zamani uliza historia yake.

Gari ya marehemu, naomba sana hapa. Jirani yetu alinunua gari kwa kijana, gari ya baba yake aliyefariki, kijana mpole, anajulikana kanisani. Baada ya miezi miwili wakaja dada zake wawili na mama mdogo, gari ikaenda kulala polisi. Hakuna aliyemdanganya kwa ubaya labda, ila kijana hakuwa msimamizi wa mirathi. Bila barua ya mahakama inayosema huyu ndiye msimamizi, mtoto hana cha kukuuzia, hata kama analia mbele yako.

Na sisi wa barabara hii ya Tunduma tuna jaribu letu ambalo wengine hawana. Gari za IT, yaani za kupita tu kwenda nchi nyingine, zinapita hapa usiku na mchana zinaenda Zambia, Kongo, nyingine zinakunja kwenda Kasumulu kuingia Malawi, nzuri, mpya machoni, na kuna watu wananong'ona kwamba moja inaweza ikabaki, bei nusu. Hiyo gari haijalipiwa ushuru wa Tanzania, imepita kwa ajili ya kutoka tu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu itaifishwe. Utakuwa umenunua kitu cha kuficha kwenye uwanja na kukifunika turubai, hata hospitali usiku huwezi kumpeleka mtoto kwa uhuru. Usimsikilize mtu.

Faini za trafiki hizi za elfu 30 zinakaa kwenye namba ya gari, sio kwenye jina la dereva aliyekimbia nayo. Mimi yangu ilikuwa nazo 7, laki 2 na elfu 10, nimezikuta askari aliponisimamisha Mlima Nyoka akaingiza namba kwenye kimashine chake. Siku hizi unaangalia mwenyewe kwenye simu kwa namba ya gari, na bima ni hivyo hivyo, dakika 5 tu. Mwambie muuzaji azilipe mbele yako au zitoke kwenye bei.

Kuhusu hela. Ilipe benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi, mkiwa wote mmekaa. Dalali ana haki yake, ametembea na amekupigia simu, cha juu chake aambiwe wazi na alipwe, mimi sina ugomvi na madalali wa haki, wapo na wananiletea mizigo mizuri mpaka leo. Ila hela ya gari isipite kwenye simu ya dalali. Na hii ya tuma laki 2 ya kushikilia gari kuna mtu yuko njiani, gari hujaiona, umeona picha tu, jamani hapo hamna gari. Picha zinaibwa, unakuta gari imepigwa picha na nyuma kuna mnazi, unaambiwa iko Tukuyu.

Mkataba muandikiane kwa wakili, namba ya chasisi iandikwe, kilometa ziandikwe, na kama muuzaji amesema haijapata ajali basi hilo neno nalo liandikwe. Mkataba wangu mimi ulikuwa ukurasa mmoja ulioandaliwa tayari (gari ya moto nyingine hiyo), katikati kuna sentensi inasema mnunuzi ameridhika na gari kama ilivyo. Nilisaini bila kusoma kwa sababu jua lilikuwa linazama. Nilipoenda kulalamika nilionyeshwa hiyo sentensi, na ile namba ya mdada wa kazini na kanisani haikupatikana tena. Dalali akasema mama mimi niliitiwa tu. Kuhamisha umiliki nako nilichelewa kwa sababu muuzaji anatakiwa na TIN yake (namba ya mlipakodi) na kitambulisho, na muuzaji hayupo, nilizunguka miezi 4. Umalizeni huo uhamisho wiki hiyo hiyo mtu akiwa bado anapokea simu zako, na kama unaweza bakiza kiasi fulani cha hela mpaka kadi itoke na jina lako, muuzaji mwaminifu mwenye gari safi atanung'unika kidogo ila atakubali.

Mhariri, kupitia gazeti lako nina ombi moja kwa viongozi wetu wa halmashauri. Viwanja vya kuuzia magari vipo, madalali wanajulikana kwa sura na majina ya utani, lakini mtu akishatapeliwa hana pa kwenda kuuliza huyu anakaa wapi. Dalali wa magari aandikishwe mtaani, awe na kitambulisho chake kifuani na sehemu anayopatikana, kama vile bodaboda wa kijiwe anavyovaa kizibao chenye namba. Bodaboda anambeba mtu wa buku jero ana namba mgongoni, anayeshika milioni 11 za mama wa kikoba hana hata jina kamili. Naomba mliangalie.

Noah niliiuza mwezi wa 2. Aliyenunua nilimwambia yote, hedi ilipinda ikatengenezwa, kilometa sio hizo zinazosomeka, nikampa na risiti za fundi, akashusha bei sana nikakubali. Sasa natafuta Probox. Kuna moja Mbalizi, mwenyewe ni mwalimu mstaafu na kadi ina jina lake. Kesho saa 12 na nusu asubuhi naenda na fundi wangu na mdogo wangu, na mzee nimemuomba asiiwashe mpaka tufike. Amecheka, akasema mama njoo, hata funguo nitakukabidhi wewe uiwashe mwenyewe.

Msomaji wako,
Mama wa mchele, Uyole, Mbeya